Mnyoo, inzi, samaki au panya: umchukue nani kwa utafiti wa kansa?

Kuna dogo mmoja kamaliza digrii ya kwanza ya baiolojia, kapata nafasi ya masta nje, na supavaiza kamwambia achague mwenyewe kati ya miradi miwili, mmoja wa minyoo na mwingine wa panya, yote ya kansa. Akanipigia jioni, "kaka mi naona niende tu na panya, manake kansa ya mnyoo nani ataniamini, nyumbani watasema nimepanda ndege kwenda kusomea minyoo." Nilicheka sana sababu mama yangu mwenyewe mpaka leo anaamini kazi yangu ni dawa za minyoo za watoto wa shule. Basi tukaongea kama saa nzima hivi, na mengi niliyomwambia nimeyaweka hapa, na nimeongeza inzi na samaki manake wakati mwingine jibu liko kwao.

Kwanza tuelewane ni mnyoo gani. Si wa tumboni. Na si yule wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, anayesumbua Unguja na Pemba na pwani, yule kweli analeta kansa ya kibofu na shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka kundi la kwanza la visababishi, kwa hiyo ni habari nyingine kabisa. Huyu ninayemsema mimi anaitwa C. elegans, ana urefu wa milimita moja, anaishi kwenye matunda yaliyooza na mboji, anakula bakteria, hamdhuru mtu. Mwaka 1963 Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa anafanya kazi Cambridge, aliandika barua kwa mkuu wake akiomba kumtumia mnyoo wa aina hii kuelewa jinsi mwili unavyojengwa seli kwa seli, na streini, yaani ukoo mmoja wa minyoo, tunayoitumia dunia nzima mpaka leo kama ya kawaida, N2, ilitoka kwenye mboji ya uyoga huko Bristol.

Ukimweka chini ya maikroskopu ndo utaelewa kwanini watu wanampenda. Pleti ndogo ya agari, katikati kuna zulia jepesi la bakteria, na minyoo wanateleza kwa mkao wa herufi S wanaacha michirizi kama ya tairi kwenye tope. Mwili mzima ni kioo. Unaona koo linapiga pampu, unaona utumbo, unaona mayai yamepangana tumboni kama shanga, na ukiongeza lenzi unaona seli moja moja ikigawanyika huku mnyama yuko hai. Kwa panya kitu kama hicho unamfungulia dirisha la kioo kwenye ngozi kwa upasuaji, na bado unaona kipande tu.

Sasa muda. Hapa mnyoo anashinda mchana kweupe. Kwenye nyuzi 20 anatoka yai mpaka kutaga ndani ya siku 3 hadi 4, wengi wao ni huntha, yaani anajipa mimba mwenyewe, na mmoja anatoa watoto kama 300, hivyo Jumatatu una mmoja, Ijumaa una 300, na wiki inayofuata ukizubaa wamefika 90,000 na wamemaliza chakula. Inzi wa matunda anachukua kama siku 10. Panya mimba peke yake ni kama siku 20, alafu wiki 6 mpaka 8 mtoto akomae, na kama unataka panya mwenye jeni tatu zilizobadilishwa kwa pamoja basi mwaka wa kwanza wa masta unaisha bado unapandisha panya na kupima mikia. Samaki zebrafishi naye miezi mitatu hivi mpaka akomae, ila akishakomaa jike anakupa mayai mamia kwa wiki na viinitete vyake ni vya kioo pia.

Lakini speed haina maana kama mnyama hana unachokitafuta, na hapa ndo dogo alikuwa na hoja. Mnyoo mzima ana seli za mwili 959 tu, zimehesabiwa moja moja, na akishakuwa mtu mzima hizo seli hazigawanyiki tena. Hana mishipa ya damu. Hana mapafu, hana ini, hana matiti wala tezi dume. Hana T-seli, wale askari wa kinga kwenye damu, wala kingamwili. Kwa hiyo ule uvimbe tunaoujua, unaoota kwenye kiungo, unavuta mishipa ya damu, unajificha kwa askari wa mwili, unahamia kwenye mifupa, kwa mnyoo haupo na hautakuwepo. Mtu akikuambia ana mnyoo mwenye kansa ya titi, muache aende.

Ila zile seli 959, John Sulston alikaa kwenye maikroskopu akazifuatilia toka yai, ramani ya kiinitete ikatoka 1983, na hesabu ikaonyesha kitu cha ajabu: zinazozaliwa ni 1,090, na 131 zinakufa, kila mara zile zile, saa ile ile. Si kwa ajali, zinajiua. Robert Horvitz kule MIT akasaka jeni zinazoamrisha hicho kifo, akapata ced-3 na ced-4 zinazoua, na ced-9 inayozuia. Alafu watu wakalinganisha na binadamu, kumbe ced-9 ni ndugu wa BCL-2, jeni ambayo ilishajulikana kwenye kansa ya tezi za limfu, na mwaka 1992 wakachukua BCL-2 ya binadamu wakaiweka ndani ya mnyoo ikafanya kazi ile ile ya kuzuia seli kufa. Mi hiyo ndo naiona habari tamu kuliko zote kwenye baiolojia yetu. Seli ya kansa mara nyingi si kwamba inakua haraka tu, ni kwamba imekataa kufa. Brenner, Horvitz na Sulston wakapata Nobel 2002, na mwaka 2016 Marekani ikaidhinisha venetoclax, dawa inayobana BCL-2 kwa wagonjwa wa leukemia fulani, kansa ya damu. Sisemi dawa ilitoka kwenye pleti ya minyoo, hapana, ilipita kwa wakemia na maabara nyingi na panya wa kutosha, lakini nani anaua nani na kwa mpangilio gani tulijifunza kwa mnyoo.

Kwa hiyo mnyoo hakupi ugonjwa, anakupa waya. Nikisema waya namaanisha mlolongo wa jeni, huyu anamwambia yule, yule anamzima huyu. Binadamu ana nakala nyingi za jeni moja na zinazibana pengo, ukizima moja ndugu yake anachukua zamu, wakati mnyoo mara nyingi ana nakala moja tu, ukiizima kitu kinaharibika mbele ya macho yako.

Mfano mzuri ni RAS. Hii ni jeni mbaya sana kwa kansa, binadamu ana ndugu kadhaa wa RAS, kina KRAS na HRAS, na kansa ya kongosho karibu asilimia 90 zina KRAS iliyoharibika. Mnyoo ana RAS moja inaitwa let-60, na kazi yake mojawapo ni kujenga uke. Kuna seli 6 tumboni zenye uwezo wa kuwa uke, kwa kawaida 3 ndo zinapata amri. Ukiifanya let-60 iwe imewaka muda wote kama kwenye kansa, seli za ziada nazo zinajiona zimepewa amri, na mnyoo anaota vinundu viwili vitatu kwenye tumbo. Basi. Hicho ndo kipimo. Huhitaji mashine ya mamilioni, unahesabu vinundu. Ukiweka dawa na vinundu vikapungua unajua umegusa waya wa RAS, na ukizima jeni nyingine na vinundu vikapungua umepata mtu mpya kwenye mlolongo.

Kuzima jeni kwenyewe ni rahisi mpaka aibu. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili inazima jeni, wakapata Nobel 2006, na baadae ikajulikana hata kumlisha mnyoo bakteria wenye hiyo RNA kunatosha. Yaani unamlisha tu! Kuna maktaba ya bakteria iliyotengenezwa Cambridge inayogusa karibu asilimia 86 ya jeni zote za mnyoo, kila kishimo cha pleti bakteria wa jeni moja, unapitisha moja moja. Mwanafunzi mmoja na pleti zake anaweza kupima maelfu ya jeni kwa miezi. Jaribu hiyo kwa panya uone bajeti.

Sasa nikupe na upande mchungu wa hiyo hiyo RAS, manake dogo alishaanza kushawishika haraka. Miaka ya 90 kulikuwa na dawa za kubana kimeng'enya cha farnesyltransferase, wazo ni kwamba RAS inahitaji kupachikwa mkia wa mafuta ili ikae kwenye utando wa seli, ukizuia mkia umeizima. 1995 wakaijaribu kwa minyoo wenye vinundu, vinundu vikapungua. Mwaka ule ule panya wenye uvimbe wa HRAS, uvimbe ukanywea. Watu wakashangilia. Wakaenda kwa wagonjwa wa kongosho, na majaribio makubwa ya tipifarnib, mojawapo ya dawa hizo, yaliyotoka 2004 hayakuonyesha faida. Kwanini? Kwa sababu KRAS ya binadamu ikizuiwa mkia mmoja inachukua mkia mwingine wa aina ya jirani, HRAS haiwezi hilo. Wagonjwa wengi shida yao ni KRAS. Angalia vizuri hapo: aliyedanganya si mnyoo peke yake, na panya naye alidanganya, sababu wote walijaribiwa na RAS ambayo si ile inayosumbua kwa mgonjwa. Kwa hiyo ile hoja ya "panya yuko karibu na binadamu kwa hiyo ni salama zaidi" ina ukweli ila si kinga. Dawa ya kwanza ya kushika KRAS yenyewe, sotorasib, imekuja kuidhinishwa 2021.

Kuna jambo mnyoo anafanana na uvimbe kweli kweli, nalo ni kwenye kizazi. Seli za mayai ndo pekee zinazoendelea kugawanyika kwa mtu mzima, na ukiharibu jeni ya gld-1 zile seli zilizokuwa zinakwenda kuwa mayai zinageuza njia zinarudi kugawanyika, zinajaza mfuko wa uzazi mpaka unapasuka na mnyoo anakufa mapema. Cynthia Kenyon (jina tu, ni Mmarekani) aliyekuwa maarufu toka 1993 kwa kuongeza maisha ya mnyoo mara mbili kwa kuharibu jeni moja ya daf-2, kundi lake likaonyesha 2006 kwamba minyoo wanaoishi muda mrefu wanapinga huo uvimbe. Kama swali lako ni uhusiano wa uzee na kansa, sioni mnyama mwingine atakayekupa jibu ndani ya muda wa masta, manake huyu anaishi wiki mbili tatu tu, panya miaka miwili.

Na kupenya. Kwenye lava, yaani mnyoo mtoto, wa hatua ya tatu kuna seli moja, moja tu, inaitwa seli nanga, inatoboa utando unaotenganisha kizazi na ngozi ili uke uungane na mji wa mimba. Inafanya hivyo kwa saa zile zile kwa kila mnyoo na unaiangalia live, na zana inazotumia zinafanana sana na za seli ya kansa inayotoka kwenye uvimbe. 2015 ilionekana kwamba hiyo seli lazima iache kugawanyika ndo iweze kupenya, haiwezi vyote kwa pamoja. Fikiria maana yake kwa dawa zinazolenga seli zinazogawanyika tu.

Haya, inzi. Wengi wanamruka wanaona ni mnyoo mwenye mabawa, wanakosea. Kama unapenda kupika utampenda, chakula chake ni unga wa mahindi, sukari, hamira na agari, unakoroga jikoni la maabara kama uji na chumba kizima kinanuka togwa. Inzi anapata uvimbe wa mwili, si wa kizazi tu. Buu lake lina vifuko vya seli vinavyokuja kuwa bawa na jicho, na ukiharibu jeni kama lgl vifuko vinavimba bila mpangilio, jambo lililoelezwa kama kansa halisi toka 1978. 2003 wakachanganya RAS iliyowaka na jeni nyingine iliyozimwa, scribble, na seli zikatoka kwenye jicho zikavamia mfumo wa neva. Mnyoo hana mchezo huo. Na kuna njia nzima za mawasiliano ambazo mnyoo amezipoteza vipande muhimu, mfano Hedgehog, iliyogunduliwa kwa inzi mwaka 1980 na ikaishia kwenye vismodegib, dawa ya kansa ya ngozi aina ya basal cell iliyoidhinishwa 2012. Mtu anayetaka kusoma Hedgehog akaja kwa mnyoo atakuwa anatafuta samaki kwenye kisima. Pia dawa: kundi la Ross Cagan walitengeneza inzi mwenye jeni ya RET iliyoharibika, ile ya kansa ya tezi ya shingo, 2005 wakaonyesha vandetanib inatuliza macho yaliyovimba ya hao inzi, na 2011 dawa ikaidhinishwa kwa hiyo kansa.

Ubaya wa inzi ni kwamba huwezi kumgandisha kirahisi. Streini zako 200 ni chupa 200 na kila wiki mbili tatu unazihamisha kwenye chupa mpya, Krismasi, Idi, ukiumwa, ukioa, mpaka ustaafu. Mnyoo unamchanganya na gliserini, unamuweka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, unamsahau miaka, ukimtoa sehemu yao wanaamka wanaendelea na maisha. Kwangu mimi hii peke yake ni sababu tosha, ila mi mvivu.

Samaki niseme kidogo. Huyu ndo daraja: ana damu, ana mishipa, ana mfumo wa kinga, karibu asilimia 70 ya jeni za binadamu zina ndugu yake kwa zebrafishi, na 2005 walimpa jeni ya BRAF iliyoharibika ya binadamu pamoja na kuondoa p53, jeni inayozuia kansa, akapata melanoma, kansa ya ngozi, madoa meusi kabisa unayaona kwa macho. Unaweza kumdunga lava wa siku mbili seli za uvimbe wa mgonjwa, kabla kinga yake haijakomaa hawazikatai, na baada ya siku chache unaona zimesambaa au la. Ila seli za binadamu zinataka nyuzi 37 na samaki anataka 28, inabidi muafaka kwenye 34 hivi, na hakuna anayefurahi. Na matanki, pampu, maji ya kupimwa kila siku, hiyo ni kama kufungua biashara ya ufugaji.

Panya sasa, na hapa sitamsema vibaya. Kuna swali moja ambalo ukiwa nalo usipoteze muda na mnyama asiye na uti wa mgongo: kinga ya mwili dhidi ya kansa. 1996 James Allison na wenzake walizuia CTLA-4, breki ya T-seli, kwa kingamwili kwenye panya, T-seli zikafunguliwa breki na uvimbe ukakataliwa, 2011 ikaja dawa ya wagonjwa ya kubana hiyo breki, ipilimumab, 2018 Nobel pamoja na Tasuku Honjo. Kwa mnyoo hayo yasingetokea milele, hana breki wala gari. Vile vile kama swali ni dawa inafikaje kwenye uvimbe, inakaa muda gani kwenye damu, inaharibu ini au haiharibu, ni panya. Na kama unataka kupandikiza uvimbe wa mgonjwa mzima mzima unatumia panya asiye na T-seli, sawa, ila ukumbuke umeshamtoa kinga kwa hiyo umerudi kupoteza kile kile kilichokufanya uje kwa panya.

Gharama zake si chakula na pumba tu. Kuna kibali cha maadili ambacho kinaweza kula miezi, mafunzo ya kushika na kuua kwa ustaarabu, mtu wa kuwaangalia wikiendi. Kwa Ulaya sheria ya 2010 inalinda wenye uti wa mgongo na jamii ya pweza, minyoo na inzi hawamo, unaanza kazi siku unayofika. Kuna watu pia hawawezi kuua panya, na si jambo la kuonea haya. Dogo aliponiambia hajawahi hata kuchinja kuku nikamwambia alifikirie hilo kabla ya mengine yote.

Seli za kwenye chupa, yaani seli za kansa ya binadamu zinazofugwa maabara, kina HeLa wa toka 1951, sitawaweka kwenye mashindano sababu utazitumia tu, kila mradi unapitia huko. Ni za binadamu, hiyo ni faida kubwa, ila hazina mwili, na mtu asiyekagua anaweza kufanya utafiti miaka kwenye seli alizodhani za ini kumbe ni HeLa zilizovamia chupa, imetokea sana tu. Hamira nayo ilitupa saa ya mgawanyiko wa seli, Nobel 2001, ila kama unataka seli zinazoongea na jirani zake hamira haina jirani.

Narudi kwa mnyoo kwa mambo ambayo huambiwi mpaka uingie. Dawa. Ngozi yake ni koti gumu, kemikali nyingi haziingii, hivyo ukisikia "dawa haikufanya kazi kwa mnyoo" uliza kwanza kama ilimfikia. Watu wanaweka dozi kubwa kupindukia ili chache ipenye. Alafu kuna bakteria, chakula chake, wako hai na wanakula dawa kabla yake. Hili liliwasumbua watu mpaka makundi mawili 2017 yakaligeuza kuwa ugunduzi: dawa ya zamani ya kansa ya utumbo, 5-FU, nguvu yake kwa mnyoo inapanda na kushuka kutegemea bakteria gani anakula, sababu bakteria wenyewe wanaibadilisha kuwa umbo linalofanya kazi. Na sisi tuna bakteria tele tumboni. Swali hilo kwa panya lingekuwa vurugu, ana mamia ya aina tumboni, kwa mnyoo unampa aina moja unayoijua jina.

Ukungu ni adui namba moja. Wiki yangu ya tatu pleti zote ziliota manyoya ya kijani, nikajua nimefukuzwa. Dada mmoja wa maabara akaniambia tulia, akachukua jiki, jiki hii hii ya kufulia nguo nyeupe, akachanganya na sodiamu hidroksaidi, akawaosha wale minyoo wenye mayai kama dakika tano huku anatikisa kichupa mbele ya taa. Wakubwa wote wakayeyuka, ukungu ukafa, yakabaki mayai peke yake, gamba lake linahimili. Kesho yake watoto wanaogelea, safi kabisa, na wote umri mmoja, kitu ambacho kumbe ndo njia ya kawaida ya kupata minyoo wa rika moja kwa majaribio. Hakuna jiki ya kuokoa panya.

Joto. Mnyoo anataka nyuzi 15 mpaka 25, ikipita 27 anakuwa tasa. Kwa mtu anayewaza kurudi kufungua maabara Dar, hiyo ni inkubeta ya kupoza, si ya kupasha, na umeme ukikatika Februari una saa chache. Nairobi au Arusha mezani tu anaweza kuishi sehemu kubwa ya mwaka. Lakini wakiishiwa chakula wakiwa wadogo wanageuka lava mgumu anaitwa dauer, hali chochote, anakaa miezi akisubiri, kwa hiyo pleti uliyoisahau kwenye droo kabla ya likizo si msiba, unakata kipande cha agari unakiweka kwenye pleti mpya na kesho wameamka. Hata kuagiza, kituo cha streini kipo Chuo Kikuu cha Minnesota, ada ndogo, wanakuja kwa posta ndani ya pleti. Panya kupita forodha ni shughuli ya watu kumi.

Basi mwisho nilimuuliza dogo swali lako hasa ni lipi, akasema "kwanini seli zenye RAS mbovu baadhi zinakuwa kansa na nyingine zinatulia". Nikamwambia unaona, hujataja mgonjwa, hujataja kinga, hujataja dawa, umetaja waya, nenda na mnyoo mwaka wa kwanza, saka jeni zinazotuliza vinundu, ukipata tatu nne zenye ndugu kwa binadamu zipeleke kwenye seli za chupa, na kama kuna moja bado imesimama ndo uombe kibali cha panya kwa hiyo moja. Angesema tezi ya shingo au Hedgehog ningemtuma kwa inzi, angesema kusambaa kwenye mishipa ya damu ningemwambia samaki, angesema tiba ya kinga ningemnunulia glovu za panya mwenyewe.

Kakubali, ila kaniuliza na nyumbani aseme anasomea nini. Nikamwambia sema RAS. Na barua pepe ya kwanza kwa supavaiza asianze na mambo ya streini, aulize ile friza ya 80 imeungwa kwenye jenereta au iko kwenye soketi ya kawaida.